Siyo majani tu: siku nne za Buyenzi na mikono ya koko

Mwezi huu tunawapeleka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ule mtaa ambao mtu akitoka Uvira, Fizi au Kigoma haulizi lugha, kwani Kiswahili kinampokea barazani. Lakini hatutawaeleza sana habari za maduka na magari. Tutawaeleza habari za nyasi. Msicheke. Nasi tulicheka mwanzoni, na mwishowe nyasi hizo zikamwokoa mwenzetu asiingie kwenye hasara kubwa.

Tulikwenda watano, mwishoni mwa mwezi wa Nne 2024: koko mmoja msuka mikeka, binti yake, mama mmoja mjane, na vijana wawili wa shule, msichana na mvulana. Koko alikuwa na rufaa ya macho. Mama mjane yeye alitaka kutafuta nyumba ya kupanga, maana kijana wake mkubwa anajifunza umakanika kwenye gereji moja ya Buyenzi, na maisha ya kutenganishwa yamemchosha. Vijana wawili walikwenda kumsaidia koko mizigo. Karatasi za ruhusa ya kutoka kambini tulizipata, nauli tukachanga, asubuhi na mapema tukapanda basi.

Njiani

Basi lilipoacha upande wa Ruyigi, koko aliwauliza vijana, "Mnaona nini huko inje?"

"Majani, koko."

"Majani gani?"

"Majani tu."

Koko akanyamaza. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, sura ya mtu alikuwa anaiona kama kivuli. Lakini tulipovuka Mto Ruvubu alisema, "Hapa kuna mafunjo." Tukachungulia, kweli, bondeni yalikuwepo mafunjo, yale yenye kichwa kama mwavuli. Vijana wakamuuliza ameonaje. Akasema hakuona, amesikia ubaridi wa bonde na harufu ya matope, na mahali pa namna hiyo mafunjo hayakosi. Warundi huyaita urufunzo. Ndiyo mmea uleule ambao Wamisri wa zamani walitengenezea karatasi zao, na maji ya Ruvubu huenda hukohuko: yanaingia Kagera, kisha Ziwa Victoria, kisha Nili hadi Misri.

Baada ya Gitega na Muramvya barabara ilipanda. Juu ya vilima vilivyochoka tuliona nyasi fupi, nyembamba, za rangi ya kahawia, Warundi wanaziita ishinge. Ishinge hupenda udongo maskini wa milimani. Mkulima akiiona imejaa shambani anajua udongo wake umekwisha nguvu, unadai mbolea. Kwenye miteremko tuliona mistari ya mabingobingo iliyopandwa kukatiza mlima. Wakulima wa Burundi huyapanda hivyo ili yashike udongo usiteremke na mvua, na wakati huohuo ng'ombe na mbuzi wapate chakula.

Pale Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi ilitupiga hadi kwenye mifupa. Ndipo penye mgongo wa nchi. Mvua ikinyesha upande wa mashariki wa mgongo ule, maji yake yanaelekea Nili. Ikinyesha magharibi yanateremka Ziwa Tanganyika, yanatoka kwa mto Lukuga na kuingia Mto Kongo. Kutoka hapo basi linashuka kwa makona hadi joto linarudi, na ziwa linaonekana chini. Upande wa pili wa ziwa, milima ya kwetu. Ndani ya basi hakuna aliyesema neno kwa muda.

Mtaa wenyewe

Buyenzi imepangwa kwa mistari, avenyu zina namba, na mgeni akipewa namba ya avenyu na namba ya nyumba hawezi kupotea. Ni mtaa wa zamani, tangu wakati wa Wabelgiji, mji ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura. Wazee wa wakazi wake walitoka Ujiji, Manyema na hata pwani. Wengine walikuja na biashara, wengine na misafara. Adhana inasikika kutoka kila upande. Kuna mafundi cherehani, mafundi wa magari walio chini ya gari muda wote, chapati, sambusa, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Sikukuu ya Idi ilikuwa imepita wiki chache tu, na watoto walikuwa bado wanavaa nguo zao mpya.

Tulifikia kwa ndugu wa koko, nyumba ya vyumba viwili na watu kumi na mmoja. Wenyeji walituambia vyumba vimekuwa vigumu kupata, maana mwezi ule ziwa lilikuwa limefurika, na watu wa Gatumba na wa kando ya ziwa walikuwa wamehama nyumba zao wakitafuta mahali pakavu. Neno hilo mlishike, litarudi mbele.

Darasa la mtaroni

Rufaa ya koko ilikuwa siku ya tatu. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili alikaa barazani, mbele ya mtaro wa maji machafu, na vijana hawakuwa na kazi. Akawaambia, "Basi nileteeni majani tu. Kila aina moja, na mizizi yake."

Walileta aina tano kutoka hatua ishirini hivi. Walidhani ni aina moja au mbili. Koko akachukua la kwanza, akalipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, akalizungusha.

"Hii inazunguka vizuri, ya mviringo. Na hapa kuna kifundo, kama goti. Ni nyasi."

Akachukua la pili. Likagoma kuzunguka, likawa linaruka vidoleni kama penseli yenye kona.

"Hii ina kona tatu. Haina goti hata moja. Hii siyo nyasi, hii njo ndago."

Hapo ndipo darasa lilipoanza, na sisi wakubwa tukasogea. Tumekaa miaka na miaka tukilima na kufyeka, na hatukuwahi kujua kwamba vitu tunavyoita majani vinatoka katika koo mbili mbalimbali. Ukoo wa kwanza ni wa nyasi zenyewe. Ni ukoo wa heshima: mahindi ni nyasi, mpunga ni nyasi, mtama, ulezi, ngano, muwa, hata mianzi. Unga tunaopikia watoto wetu ni mbegu za nyasi. Ukoo wa pili ni wa ndago, na ndani yake yamo mafunjo na majani mengi ya kusukia. Duniani kote wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 11,000 za nyasi na zaidi ya 5,000 za ukoo wa ndago, kwa hiyo mtu asione haya asipojua zote. Lakini kuzitenganisha koo mbili, mtoto wa darasa la pili anaweza.

Yale matano ya mtaroni yalikuwa haya.

La kwanza ni ukoka. Unatambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi, kila kifundo kinatoa mizizi. Suke lake ni vidole vyembamba, vitatu hadi sita, vyote vinatokea pahali pamoja kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Ukikuta uwanja wa mpira umebaki na kijani wakati wa kiangazi, mara nyingi ni ukoka.

La pili linafanana nalo, na wengi tunalichanganya. Nalo lina vidole, lakini ni vinene zaidi, na mara nyingi kidole kimoja kimeota chini kidogo ya vingine, kama kidole gumba. Shina lake karibu na ardhi limebanwa bapa na ni jeupe. Halitambai, linakaa kitako, na ukilivuta mkono unauma kabla halijang'oka. Hili ni ndugu wa ulezi. Angalieni suke la ulezi shambani mtaona ujamaa.

La tatu lina vidole vifupi vilivyotanuka kama mguu wa kuku, na kila kidole kina ncha kali mbele, kama ukucha. Watoto wakishauona ukucha huo hawasahau.

La nne lilikuwa zuri, suke lake laini la rangi ya waridi, likipigwa na jua linang'aa. Huota kando ya barabara na mahali palipochimbwa karibuni. Msichana wetu aliliweka kwenye chupa ya maji dirishani.

La tano ndiyo ndago.

Mvulana akauliza swali zuri: je, kila chenye shina la mviringo ni nyasi? Koko akasema hapana. Kuna mimea ya majini yenye shina la mviringo kama fimbo na haina kifundo hata kimoja. Mingine kati ya hiyo ni jamaa ya ndago. Kwa hiyo usitegemee umbo peke yake. Tafuta goti. Nyasi ina goti, na mara nyingi katikati ya goti na goti shina lake ni tupu ndani kama mrija. Ndago haina goti, na ndani imejaa. Tena tazama majani kutoka juu: ya nyasi yamejipanga mistari miwili, hili huku na hili huku. Ya ndago yamejipanga mistari mitatu.

Sokoni Ruvumera

Siku ya pili jioni tulikwenda soko la Ruvumera, lililomo humohumo Buyenzi. Baada ya soko kuu la Bujumbura kuungua Januari 2013, wafanyabiashara walitawanyika kwenye masoko mengine, na hapa pamejaa hadi mtu anatembea kwa bega. Koko alitaka kushika mikeka.

Alipitisha kiganja juu ya mkeka mmoja akasema, "Huu ni urukangaga." Huo ni jamaa ya ndago, wa mabondeni, wenye majani mapana na marefu, kona zake zinakwaruza. Hukatwa, hupasuliwa, huanikwa hadi unyauke bila kukauka sana, ndipo husukwa. Mkeka wa pili akaukunja kidogo, ukatoa mlio. Akasema hayo yamekatwa machanga, yatavunjika kabla ya mwaka. Muuzaji hakufurahi, lakini hakubisha.

Kisha kulikuwa na fito za matete za kujengea na za kuanikia. Hapa tujifunze vizuri, maana sisi wengi tunaita matete vitu viwili. Kuna matete ya mtoni, na kuna mabingobingo. Yakiwa machanga yote ni marefu na ya kijani, yanafanana. Subiri yatoe suke. Suke la mabingobingo ni kama brashi ya kuoshea chupa, limesimama wima, la rangi ya njano au kahawia. Suke la matete ya mtoni ni kubwa na limetawanyika kama mkia wa farasi, linapeperuka. Kama hakuna suke, kata shina: matete ya mtoni ni tupu ndani, mabingobingo yana nyama nyeupe laini. Mabingobingo unaweza kuyapanda hata kilimani. Matete ya mtoni yanataka maji chini ya miguu.

Muuzaji wa fito alituambia zamani watu walikata matete na mafunjo kwa wingi kwenye delta ya Rusizi. Sasa ile ni mbuga ya taifa, na tangu mwaka 2002 imeandikwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu za Ramsar, kwa hiyo mtu hawezi kuingia na panga anavyotaka. Tulitamani kufika huko, ni njia ya kuelekea kwetu, lakini maji ya ziwa yalikuwa yamezidi na hatukuthubutu. Mimea ya bonde lile wasomi wameiandika siku nyingi. Mtaalamu Marc Reekmans alitoa utafiti wake juu ya mimea ya Rusizi ya chini mwaka 1980. Koko aliposikia hivyo alisema bibi yake angeweza kumsaidia.

Nyumba ya kando ya Ntahangwa

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mama mjane alikuwa amepata nyumba. Vyumba viwili, ua mdogo, choo, bei nafuu kuliko zote alizotajiwa. Ilikuwa upande wa Mto Ntahangwa. Mto huu unateremka kutoka milima ya juu ya mji na kupita kando ya Buyenzi kuelekea ziwani. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka kwa kurukaruka mawe. Mvua ikinyesha milimani unakuja mwekundu, na unakula kingo. Sehemu nyingine zimejengewa kuta za mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, lakini sehemu nyingine ukingo ni udongo mtupu, umesimama kama mkate uliokatwa kwa kisu.

Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa upya, nyeupe safi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu mbele. Mama alikuwa nayo. Ilikuwa pesa ya miaka miwili ya kuuza nyanya na sabuni hapa kambini, wengi wenu mlinunua kwake. Alimwomba koko aje kubariki nyumba kabla ya kutoa pesa.

Koko hakuona chokaa. Aliingia uani, akachutama, akaanza kupapasa.

Kwanza akashika ndago. Akachimba kwa kidole, akasema, "Hii ya kawaida, inaota hata pakavu. Isiwatishe." Akaendelea. Karibu na ukuta wa nyuma akashika jani pana lenye kona zinazokwaruza, akalizungusha vidoleni, likagoma. Akanyamaza. Hatua mbili mbele akashika chipukizi gumu lenye ncha, limetoka ardhini peke yake. Akalifuata mzizi wake unaotambaa hadi chini ya ukuta.

"Hili ni tete la mtoni," akasema. "Limekuja kwa miguu yake."

Akamwita mvulana. "Tazama nyasi za nje ya ua, zile ndefu. Zimelala wapi?"

Mvulana akatoka, akarudi. "Zote zimelala upande mmoja, koko. Kama zimechanwa na kitana. Na kuna vitambaa na mifuko imenasa juu yake."

"Juu kiasi gani?"

Mvulana akaonyesha kwa mkono, hapo kiunoni kwake. Kisha akakumbuka koko haoni vizuri, akamshika mkono na kuuweka kiunoni pake.

Hakuna aliyemtukana mwenye nyumba. Koko alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapa maji yanalala. Uliza majirani kwanza." Mama akaenda mlango wa tatu. Mama wa mlango ule alisita, akatazama huku na huku, kisha akasema ndiyo, maji yameingia mara mbili tangu mwaka jana, na wapangaji wa mwisho waliondoka na godoro lililolowa.

Msidhani mama alifurahi. Alilia. Nyumba ile ilikuwa inamweka karibu na mwanawe, kwa bei anayoiweza. Vyumba vya katikati ya mtaa, mbali na mto, vilikuwa na bei ambayo miezi mitatu yake ingemaliza pesa yote na asibaki na ya sufuria. Siku ile hakula. Usiku alituambia kwamba kwa muda alifikiri kupanga hivyohivyo, amtegemee Mungu. Koko akamjibu kwamba Mungu ndiye aliyeotesha lile tete pale.

Hakupanga. Mpaka tunaandika haya, anakaa chumba kimoja na dada yake mdogo na watoto watano, ndani kabisa ya Buyenzi, na anatafuta bado. Kijana wake anakuja kula jioni. Siyo mwisho mtamu, lakini pesa yake ipo na watoto wanalala pakavu.

Mfanye hivi mkionyeshwa kiwanja au nyumba

Tunajua kuna familia kati yetu zinazopanga kuhamia mjini, nyingine zinazofikiri kurudi kwao, nyingine zinazoomba kiwanja kipya humuhumu kambini. Kwa hiyo tumeandika hapa chini aliyotufundisha koko, kwa ufupi.

1. Msitazame ukuta kwanza. Ukuta unapakwa chokaa kwa siku moja. Tazameni kinachoota chini yake, na pembeni, na nyuma.

2. Ndago ndogo ya kawaida peke yake haisemi kitu, inaota popote. Lakini mkikuta majani mapana ya kona tatu pamoja na matete ya mtoni, mjue maji yanakaa hapo, hata kama leo ardhi ni kavu.

3. Tazameni nyasi zimelalia upande gani. Upepo hulaza nyasi huku na huku, mafuriko huzilaza upande mmoja. Takataka zilizonasa zinaonyesha maji yalifika wapi.

4. Ukoka mzuri uliotanda, bila jamaa wa mabondeni, mara nyingi ni ishara ya mahali panapokanyagwa na kukauka upesi.

5. Ulizeni majirani, siyo mwenye nyumba peke yake. Waulizeni hasa kina mama wanaoamka usiku mvua ikinyesha.

6. Mkiwa mmeshapata kiwanja kwenye mteremko, pandeni mstari wa mabingobingo kukatiza mteremko. Yatashika udongo na kulisha mbuzi. Lakini msiyategemee kuzuia mto. Mto unazuiwa kwa mawe na kwa kutojenga mdomoni mwake.

Neno kwa watoto kuhusu ndago

Tumesikia watoto wa shule wanachimba viazi vya ndago na kutafuna. Basi sikieni. Ndago ziko mbili zinazofanana sana.

Moja ina masuke ya rangi ya zambarau na kahawia. Viazi vyake ni vyeusi, vina nyuzi, na vimeungana kama shanga kwenye uzi mmoja. Ni vichungu. Hii ndiyo adui wa bustani zetu, na wataalamu wa kilimo wameiweka miongoni mwa magugu mabaya kuliko yote duniani. Ukiikata kwa jembe, kila kiazi kilichobaki kinatoa mche wake, kwa hiyo unakuwa umeipanda upya. Fukua ule uzi wote wa shanga, uuanike juani juu ya jiwe hadi ukauke kabisa.

Nyingine ina masuke ya rangi ya dhahabu. Kila kiazi chake kinakaa mwisho wa mzizi wake, kimoja kimoja, cha mviringo, na ni kitamu kama njugu. Watu wameila tangu zamani sana. Imekutwa hata kwenye makaburi ya Wamisri wa kale, na huko Hispania hadi leo wanaisaga na kutengeneza kinywaji cheupe kama maziwa. Lakini watoto, msile chochote mlichochimba bila kumwonyesha mkubwa anayekijua, na msichimbe karibu na vyoo wala kwenye mitaro ya maji machafu.

Kurudi

Siku ya tatu koko alipasuliwa jicho moja. La pili alipewa tarehe nyingine. Siku ya nne kitambaa kilitolewa, na tukapita naye kwenye daraja la Ntahangwa. Mvua ilikuwa imekatika, na hewa ilikuwa safi. Milima ya upande wa Uvira ilionekana wazi, hata mikunjo yake. Koko alisimama muda mrefu ameshika chuma cha daraja. Tulidhani anatazama milima. Akanyoosha kidole chini, kando ya maji.

"Yale ya mkia wa farasi," akasema, "ni matete. Na yale ya brashi, mabingobingo. Siyo hivyo?"

Mvulana akamwambia ndiyo, koko, ndivyo.

"Na kule ng'ambo ni yaleyale," akasema. "Twendeni, basi litatuacha."

Tumerudi salama. Koko anawaalika watoto wote wa kambi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, chini ya mti mkubwa nyuma ya shule. Kila mtoto alete aina tano za majani, na mizizi yake, yasiyofanana. Asiyeweza kutofautisha afumbe macho na kutumia vidole, ndivyo tulivyojifunza sisi. Wazazi wenye bustani waje na viazi vya ndago walivyofukua, lakini wavilete ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, visidondoke njiani. Na kama kuna anayejua jina la lile jani la rangi ya waridi kwa Kifuliiru, Kibembe au Kinyamulenge, atuletee, tulichapishe ukurasa huu mwezi ujao.